Mafao ya mwalimu na jina la mgahawa wa kuku: kabla ya kusaini

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Moshi. Katika kiinua mgongo changu nilibakiwa na shilingi milioni 45. Mwanangu wa pili ana diploma ya biashara, hana ajira, na amenitafutia nafasi ya kufungua tawi la mgahawa wa kuku wa kukaanga wa kampuni moja ya Dar es Salaam yenye jina. Ada ya kuingia ni milioni 25. Vifaa na ukarabati wa fremu ni milioni 38, kupitia mafundi wao. Kila mwezi tutawalipa asilimia 6 ya mauzo na asilimia 2 ya matangazo, na hata tusipouza, jumla hiyo haiwezi kushuka chini ya laki 6. Kuku, viungo, mafuta na vifungashio lazima tununue kwao. Mkataba ni wa miaka 5. Nimekuambatanishia mkataba huo na karatasi yao inayoonyesha mauzo ya milioni 15 kwa mwezi na faida ya milioni 5 na laki 6 na nusu. Pengo nitakopa benki milioni 20 kwa miaka 3, marejesho 740,000 kwa mwezi, dhamana ni nyumba yetu ya Pasua. Tawi lao la Dar nililitembelea Jumamosi, limejaa watu. La Arusha, kule Sakina, nilikuta wateja wachache, wakasema ni mwezi mbaya. Kampuni imesajiliwa BRELA, kwa hiyo serikali inaitambua, na mwanangu anasema ni kama uwakala wa pesa wa simu, kampuni kubwa ipo nyuma yetu. Nimeshatoa milioni 1 ya kushika nafasi. Wanasema kuna mtu mwingine anaitaka Moshi na mwisho wetu ni tarehe 30. Mume wangu anasita kusaini. Nifanyeje?"*

Shikamoo Mwalimu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na karatasi yao nimeikalia na kikokotoo jioni nzima. Ulichoniuliza, nikikielewa vizuri, ni mambo mawili: kama jina kubwa linatosha kuilinda pesa uliyoitafuta kwa miaka yote ya kushika chaki, na kama kusita kwa mzee nyumbani ni woga tu au ana hoja. Jibu langu fupi ni kwamba mzee ana hoja, na tarehe 30 usisaini. Jibu refu ndilo lenye faida kwako, kwa sababu huenda ukirudi mezani baada ya miezi mitatu ukiwa na mkataba mzuri zaidi.

Nianze na hili la BRELA, maana nalisikia karibu kila wiki hapa Arusha. Usajili wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, unakuambia kwamba kampuni ipo kisheria, ina namba, ina wakurugenzi. Hakuna afisa aliyekwenda kuonja kuku wao wala kukagua kama matawi yanapata faida. Ila BRELA inaweza kukusaidia kwa jambo lingine ambalo wengi hawaliulizi: alama ya biashara. Unachouziwa hapa ni jina. Basi uliza kama jina hilo na nembo yake vimesajiliwa chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, katika daraja la 43 ambalo ndilo la migahawa, na vimesajiliwa kwa nani. Nimeshakuta jina limeandikishwa kwa mtu binafsi, mmoja wa wakurugenzi, wakati mkataba unasainiwa na kampuni. Siku hao wawili wakigombana, wewe uliyelipia jina unabaki na kibao ukutani. Usajili wa kwanza wa alama hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, kwa hiyo angalia pia kama haujaisha muda.

Jambo la pili. Kijana wako amelinganisha biashara hii na uwakala wa pesa wa simu, kwamba kampuni kubwa ipo nyuma yako. Tofauti ni kubwa. Wakala wa M-Pesa anaweka mtaji wake wa kuzungusha, analipwa kamisheni, na siku akichoka anatoa fedha yake iliyobaki kwenye laini na droo, anaondoka. Franchaizi, yaani kununua haki ya kufanya biashara kwa jina na utaratibu wa mtu mwingine, ni kinyume: unalipa wewe kwanza, unajenga wewe, unakopa wewe, unaajiri wewe. Milioni 25 ya ada hairudi hata ukifunga mwezi wa pili. Mashine ya kukaangia iliyonunuliwa mpya ukija kuiuza pale Mbuyuni utapewa bei ya kukutia uchungu. Na kibao chenye rangi zao utakishusha, kwa sababu mkataba utakukataza hata kuendelea kukaanga kuku hapohapo kwa jina lako.

Sasa tuingie kwenye karatasi yao, maana hapa ndipo penyewe.

Wameandika mauzo 15,000,000. Wametoa malighafi asilimia 45, sawa na 6,750,000. Wametoa kodi ya fremu 700,000, mishahara ya watu watano 1,250,000, umeme na gesi 650,000. Inabaki 5,650,000, wakaiita faida. Hesabu ya kutoa iko sahihi, lakini vitu vilivyoachwa nje ni vingi. Cha ajabu kuliko vyote, malipo yao wenyewe hayamo. Asilimia 8 ya milioni 15 ni 1,200,000, na hiyo wanaichukua wao kila mwezi kabla hujajua kama umepata au umekosa. Ongeza usafiri wa malighafi zilizogandishwa kutoka Dar, karibu kilomita 550, nimekadiria 450,000. Mchango wako wa mwajiri NSSF, asilimia 10 ya mishahara, ni 125,000. Kuku wa kuharibika, mafuta ya kumwaga na chakula kinachobaki usiku, tuseme 200,000. Maji, usafi, mlinzi na intaneti, 300,000. Jumla ya vilivyosahaulika ni 2,275,000. Kutoka 5,650,000 umeshuka hadi 3,375,000. Toa marejesho ya benki, umebaki na 2,635,000.

Utasema bado ni pesa nzuri kuliko pensheni. Ni kweli, kama milioni 15 zitapatikana. Milioni 15 kwa mwezi ni laki 5 kila siku, siku 30 bila kukosa. Mlo wao wa chini kwenye karatasi ni 7,500. Hiyo ni milo 67 kwa siku, Jumatatu ya mvua ya masika ikiwemo. Moshi inaweza kuuza milo 67? Inaweza, mahali panapofaa na kwa msimu. Lakini wewe ni mwenyeji, unajua mji wenu ulivyo. Kuanzia katikati ya Desemba hadi Januari mwanzoni, Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila kona, barabara hazipitiki, na hata banda la chipsi la kichochoroni linauza mpaka viazi viishe. Anayeonyeshwa mauzo ya Desemba anaonyeshwa mji ambao mwezi wa Aprili haupo. Na Jumamosi ya Dar ndiyo kabisa haikuhusu.

Kwa hiyo nikapunguza. Tuseme unauza 350,000 kwa siku, milioni 10 na nusu kwa mwezi, ambayo si biashara mbaya hata kidogo kwa mji wenu. Malighafi 4,725,000. Kodi, mishahara na umeme vinabaki palepale, 2,600,000. Malipo yao asilimia 8 ni 840,000. Usafiri, NSSF, uharibifu na mengineyo nimeviacha 1,075,000. Unabaki na 1,260,000, na benki ikishachukua yake, mkononi una 520,000. Endelea hivyo miaka 3 mpaka mkopo uishe, kisha miaka 2 ya mwisho ukipata 1,260,000 kila mwezi. Milioni 45 zako zitakuwa zimerudi mwezi wa 57. Mkataba unaisha mwezi wa 60. Na hapo hujajilipa mshahara, kijana hajalipwa, jokofu halijawahi kuharibika, na TRA hawajaguswa.

Shuka kidogo tena, mauzo ya 300,000 kwa siku. Kila kitu kikitolewa unabaki na 555,000, benki inataka 740,000. Wewe mwezi huo unatoa 185,000 mfukoni mwako kwenda dukani. Kampuni mwezi huohuo imepokea 720,000. Naomba uitazame vizuri sentensi hiyo, Mwalimu, kwa sababu shida yote ya franchaizi dhaifu imekaa humo. Wao wanakula kwenye mauzo, wewe unakula kwenye faida. Inawezekana kabisa wao wakashiba wewe ukiwa na njaa, kwenye meza moja, bila mtu yeyote kuvunja mkataba.

Na kampuni ina mdomo mwingine wa kulia. Wanakuuzia malighafi. Hakuna mahali kwenye mkataba palipoandikwa bei itapangwaje. Wakipandisha mpaka malighafi ifike asilimia 52 ya mauzo badala ya 45, ile 520,000 yako inageuka kuwa hasara ya 215,000, na huruhusiwi kwenda kununua kuku wa kisasa kwa mfugaji wa Kiboriloni hata kama bei yake ni nafuu na kuku wake amechinjwa asubuhi. Hili limeshatesa watu wengi mbali na hapa. Marekani kulikuwa na mnyororo wa sandwichi ulioitwa Quiznos uliokua haraka hadi kufikia maelfu ya maduka. Wenye maduka wengi walifungua kesi wakilalamika kwamba wanalazimishwa kununua chakula na vifungashio kupitia kampuni kwa bei ya juu. Maduka yakafungwa kwa mamia, na Machi 2014 kampuni yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama wa kufilisika. Jina lilikuwa kubwa kuliko hili tunalolizungumzia.

Kabla sijaondoka kwenye hesabu, kuna shimo jingine dogo lakini la haraka. Una milioni 45 na benki 20, jumla 65. Wao wanachukua 63. Zinabaki milioni 2. Fremu hapa hulipiwa miezi 6 au mwaka kwa mkupuo. Miezi 6 tu ni 4,200,000. Kuku na viungo vya wiki mbili za mwanzo ni zaidi ya milioni 3. Unapungukiwa zaidi ya milioni 5 kabla hujauza kipande kimoja, na bado sijataja leseni ya biashara ya Manispaa, mashine ya EFD ya kutolea risiti, wala miezi ya mwanzo ambayo karibu kila mgahawa mpya huila hasara. Biashara nyingi nilizoziona zikifa hazikufa kwa kukosa wateja. Ziliishiwa pumzi ya fedha mwezi wa nne, wateja ndio kwanza wakianza kuzoea.

Kwenye kodi nipite haraka, mhasibu atakufafanulia. Mauzo yakivuka milioni 100 kwa mwaka hutakadiriwa tena kama duka dogo, unatakiwa kuandaa hesabu kamili. Na watu hawajui kwamba anayelipa mrabaha, ile asilimia ya mauzo, anatakiwa kukata kodi ya zuio asilimia 15 na kuipeleka TRA, kama vile unavyokata asilimia 10 kwenye pango la fremu. Mkataba wako unasema malipo yao ni "bila makato yoyote". Maana yake kodi hiyo wanataka ikuangukie wewe juu ya asilimia 8.

Nisije nikaonekana nachukia franchaizi. Siichukii. Iliyoshikwa vizuri inamfaa sana mtu kama wewe ambaye hajawahi kuendesha mgahawa, kwa sababu inakununulia makosa ambayo mwenzako ameshayafanya. Unafundishwa muda wa kutosha ndani ya tawi linalofanya kazi, unapewa kitabu cha utaratibu kinachosema kuku akae kwenye mafuta dakika ngapi na mafuta yabadilishwe lini, wanakuja kupima mahali pa fremu yako kabla hujalipia, wanakaa nawe wiki za mwanzo, wana fundi anayefika, na wananunua malighafi kwa wingi kisha unafuu huo unaupata na wewe. Kampuni ya aina hiyo inategemea asilimia ya mauzo yako ya miaka mingi, kwa hiyo ukianguka wanaumia. Kampuni inayotegemea ada ya kuingia haina sababu ya kukufuata ukishalipa. Inahitaji mtu mwingine Singida, mwingine Babati, mwingine Tanga. Kwako wameomba milioni 25 za mlangoni, na katika kurasa 31 za mkataba nimekuta mistari minne tu juu ya msaada, wenyewe umeandikwa "kampuni itatoa msaada kadiri itakavyoona inafaa". Mafunzo ni "hadi siku 5". Neno "hadi" linaruhusu hata siku moja.

Miaka kadhaa nyuma nilikaa na mama mmoja hapa Arusha aliyekuwa ameingia kwenye mpango wa namna hii, kampuni nyingine na chakula kingine. Jokofu lake kubwa liliharibika mwezi wa tano. Mkataba ulimkataza kumgusisha fundi wa mtaani, na fundi wa kampuni alichukua siku 19 kufika. Alitupa chakula cha karibu milioni 3 na mwisho wa mwezi ankara ya kiwango cha chini ikaja vilevile. Alivyonisimulia hakulia kwa ajili ya chakula. Alilia kwa sababu alipiga simu ofisini kwao kila siku na hakuna aliyejua tawi lake liko mji gani. Tangu siku ile, kitu cha kwanza ninachokitafuta kwenye mikataba hii ni muda: ndani ya saa ngapi watajibu, ndani ya siku ngapi fundi atafika, na wasipofika, mnunuzi anaruhusiwa kufanya nini.

Sasa sheria inakulinda kiasi gani? Tanzania hatuna sheria mahususi ya franchaizi. Marekani, tangu 1979, muuzaji analazimika kumpa mnunuzi hati ndefu ya taarifa, na leo ni lazima impate angalau siku 14 kabla hajasaini wala kulipa. Humo yamo matawi yaliyofungwa na namna ya kuwapata walioondoka. Afrika Kusini, chini ya sheria yao ya kulinda walaji ya mwaka 2008, mnunuzi anaweza hata kufuta mkataba ndani ya siku 10 za kazi tangu kusaini. Kwetu ukishasaini unasimamia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Inakuruhusu kuubatilisha mkataba ulioingia kwa kudanganywa, lakini palipo na maelezo yasiyo ya kweli, mahakama inaweza kuuliza pia kama ulikuwa na njia ya kawaida ya kuugundua ukweli na hukuitumia. Ndiyo maana nakusukuma uchunguze sasa, kwa maandishi. Hakuna sheria inayokukataza kuwaomba taarifa zilezile wanazopewa Wamarekani. Waandikie barua: wamefungua matawi mangapi, mangapi yamefungwa, kwa nini, na simu za walioacha. Omba ripoti za Z, yaani jumla za mauzo ya siku, za mashine ya EFD za miezi 12 ya tawi la Sakina, kila mwezi, Aprili na Mei zikiwemo. Jibu lao ni taarifa. Wakikataa kujibu, hiyo nayo ni taarifa.

Na usingoje jibu. Panda gari asubuhi uje Arusha, siku ya Jumanne. Nunua soda pale Sakina wanapofungua, uchukue risiti. Rudi jioni wanapokaribia kufunga, nunua chipsi, uchukue nyingine. Risiti za EFD zina namba zinazofuatana. Tofauti kati ya hizo mbili itakuonyesha kwa ukaribu siku nzima wametoa risiti ngapi. Si kipimo kamili, kuna wateja wasiopewa risiti, lakini ukikuta 25 wakati karatasi inahitaji 67, una la kuuliza. Ukimkuta mwenye tawi mwenyewe, msalimie, mwambie ukweli kwamba unataka kuingia. Muulize swali moja: angerudishwa nyuma, angesaini tena? Kisha nyamaza umsikilize.

Kuhusu njia zilizo mbele yako, naziona tatu. Ya kwanza ni kurudi kwao na masharti: ada ilipwe kwa awamu, nusu baada ya kufungua, kiwango cha chini cha laki 6 kisianze mwaka wa kwanza, uruhusiwe kununua kuku hapo Moshi kwa ubora wanaoutaka iwapo bei yao itazidi ya soko, wasifungue tawi jingine ndani ya Manispaa bila ridhaa yako, na uwe na mlango wa kutoka baada ya miezi 18 bila faini. Uwezekano wa kukubali yote ni mdogo. Wakikubali matatu, tuzungumze upya. Lakini hata hapo, usiweke nyumba.

Njia ya pili ni kijana aanze kidogo kwa jina lake: fremu ndogo karibu na wanafunzi au hospitali, kikaangio kimoja, jokofu moja, kwa sehemu ndogo tu ya milioni zako. Sitakudanganya, hatakuwa na jina la kuvutia wala kitabu cha utaratibu, na atakosea mengi mwaka wa kwanza. Tofauti ni kwamba makosa yake yatagharimu milioni chache na faida yote itakuwa yake. Njia ya tatu ni kusubiri, fedha ikikaa mahali salama inapopatikana kwa urahisi, kama mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, hadi uwe na majibu. Kama ungekuwa mama yangu mzazi ningekuomba ya tatu kwanza, kisha ya pili.

Nyumba ya Pasua niizungumzie peke yake. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na haikuwekwa kwa ajili ya kusumbua benki. Iliwekwa kwa siku kama hii. Mzee asisaini kwa sababu ya kuogopa kuonekana anamnyima mtoto, na wewe usimsukume. Kwa hesabu niliyokuonyesha, mkopo huo unakosa marejesho mauzo yakishuka chini ya kama 313,000 kwa siku. Umri wenu si wa kuanza kupanga nyumba ya mtu.

Ile milioni 1 ya kushika nafasi, itazame risiti. Kama haijaandikwa kwamba hairudishwi, waandikie barua ya kuidai, ukitaja kwamba mkataba wenyewe hukuonyeshwa kabla ya kulipa. Unaweza kuipata, unaweza kuikosa. Lakini isikuvute kutoa 62 nyingine ili kuiokoa. Na huyo mtu mwingine anayeitaka Moshi, kama yupo, mwacheni atangulie. Mwaka mmoja wa kumtazama akifanya kazi utakufundisha zaidi ya barua yangu.

Kuna mahali ambapo maandishi haya yanaishia na unahitaji mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Kabla ya saini yoyote, wakili asome mkataba wote, hasa vifungu vya kuvunja, vya mahali pa kusuluhisha mgogoro, na vya mdhamini binafsi, maana ukurasa wa 28 unakufanya wewe na kijana kudaiwa binafsi hata mkisajili kampuni. Hakikisha jina la wakili lipo kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Mhasibu apitie namba zangu na azikosoe. Kwa kijana, ofisi ya SIDO ya mkoa hutoa ushauri na mafunzo kwa wajasiriamali wadogo. Na kama kuna mtu wa kampuni anakupigia kila jioni kukuharakisha, mwambie mazungumzo yote sasa yapitie kwa wakili.

Kijana wako nina ombi naye. Amefanya kazi ya kutafuta, na hilo nalipenda. Sasa aende kwa mwenye tawi la Sakina, aombe kufanya kazi wiki mbili, hata kwa nauli na chakula tu. Asimame kwenye kikaangio, ahesabu kuku wanaoingia na milo inayotoka, aandike kila siku kwenye daftari. Akirudi mkae mezani watatu, wewe, yeye na mzee, na karatasi mbili mbele yenu, ya kampuni na ya kwake. Kisha niandikieni.